Shingo ya Pantelei na Mti wa Jozi

Kila mwaka, jozi zilipokaribia kupasua maganda yake ya kijani, Tudora alimpima mumewe shingo. Alifanya hivyo Jumapili mchana baada ya chakula, Pantelei akiwa ameketi kwenye benchi chini ya mzabibu, kichwa kimeegemea ukuta, mdomo wazi, anakoroma. Alichukua kipande cha uzi wa sufu mwekundu, akakipitisha taratibu nyuma ya shingo ya mzee, akakileta mbele chini ya kidevu, na mahali ncha zilipokutana akapashika kwa kucha. Kisha alinyata mpaka nyuma ya nyumba, akauzungushia uzi uleule shina la mti wa jozi. Uzi ukizidi kwa vidole viwili vitatu, alishusha pumzi, akajifuta jasho kwa kitambaa cha kichwa, akaingia jikoni kumkaangia mzee kitu chenye mafuta.

Ukimwona ungesema amerukwa na akili. Hakuwa amerukwa. Alikuwa mwanamke aliyefundisha watoto wa chekechea kuhesabu na kuvaa viatu mpaka akastaafu, na hakuamini paka mweusi wala ndoo tupu njiani. Ila jambo la mjozi lilikuwa jingine. Katika vijiji vyote vya vilima vile vya Orhei watu wanajua kwamba mtu akipanda mjozi kwa mkono wake, siku shina litakapolingana unene na shingo yake, ndiyo siku zake zimeisha. Usiulize nani alianza kusema. Mwulize mtu yeyote pale kama yuko tayari kupanda mmoja, uone atakavyokumbuka ghafla kwamba ana ng'ombe wa kukamua.

Ndiyo maana mijozi ya majumbani karibu yote imepandwa na kunguru, ambaye huzika jozi zake akasahau alikozizika. Ile iliyojipanga kando ya barabara, maili kwa maili, ilipandwa na serikali ya zamani, na serikali haina shingo. Michache iliyobaki hupandwa na wazee waliokwisha kula chumvi yao, watu wasiotegemea kuuona mti ukifika hata magotini.

Zamani nyumba ya Pantelei haikuwa na mjozi hata mmoja, na jambo hilo lilimtesa Tudora tangu siku alipoolewa, kwa sababu ya mama mkwe wake. Agafia, Mungu amrehemu, alikuwa mwanamke mfupi mwenye ulimi mrefu. Alizaliwa kijiji cha ng'ambo ya kilima, ambako jozi zilikanyagwa njiani kama mawe, na aliamini kwamba chakula kisicho na jozi ni chakula cha wagonjwa. Tudora alizinunua sokoni kwa bei ya kuumiza, au aligombania za barabarani pamoja na kijiji kizima, hivyo alizitia kwa mkono wa kubana. Kila sikukuu, alipoleta mezani mkate wake mtamu wa kukunja, mama mkwe alikata kipande, akatafuna polepole, akatazama dari.

"Binti yangu," angesema, na wageni wote wanasikia, "hizi jozi umezitia, au umezionyesha sufuria tu kisha ukazirudisha kabatini?"

Wageni walicheka. Tudora naye alicheka, kwa meno. Alilimeza neno hilo miaka yote waliyokaa nyumba moja, halikumshuka hata mara moja.

Agafia alifariki majira ya baridi, akiwa mzee sana, kitandani mwake, baada ya kulalamika kwamba chai ni nyepesi. Majira ya kuchipua yalipofika, nyuma ya nyumba, kati ya kisima na banda la kuku, kikajitokeza kijiti chenye majani ya rangi ya shaba. Tudora alikiona, akajua ni mjozi, akafurahi. Alidhani kunguru amewaonea huruma.

Furaha hiyo haikufika mbali. Wiki ile ya baada ya Pasaka, watu wanapokwenda makaburini kula na kunywa pamoja na wafu wao, walirudi na wageni nyumbani. Jirani yao Gavril, ambaye kila mwaka aling'oa miche ya mijozi bustanini kwake kana kwamba ni nyoka, alikiona kile kijiti akauliza kama ni kazi ya kunguru. Pantelei alikuwa na glasi ya divai mkononi, na kabla ya hiyo zilikuwa zimeshapita nyingine. Akajipiga kifua. Akasema kunguru gani, ni yeye mwenyewe kaupanda, kwa mkono wake huu wa kulia, na wanaume wanaoogopa kijiti wakanunue sketi. Gavril akapiga ishara ya msalaba. Tudora alikuwa ameshika bakuli la supu ya kuku, na hakujua alivyolifikisha mezani.

Tangu siku hiyo hakupata raha. Kumwuliza mumewe hakuweza, kwa kuwa jambo la namna ile ukilitamka ni kama umeliita kwa jina. Kuukata mti ndiyo usiseme, maana kuukata mjozi ambao mpandaji wake yu hai ni kuimaliza kazi wewe mwenyewe. Zilibaki njia mbili. Mti ukae mwembamba, au shingo inenepe.

Mti ulikataa. Tudora aliunyima maji, nao ukanywa ya kisima chini kwa chini. Aliwafungia mbuzi karibu yake, mbuzi wakala kabichi za jirani, wakauacha mti. Akaigeukia shingo. Na hapo lazima niseme wazi kwamba hakuna mwanamume katika wilaya nzima aliyelishwa kama Pantelei. Ugali wa njano wenye siagi inayoelea. Mikate ya jibini asubuhi na jioni. Mafuta ya nguruwe yaliyotiwa kitunguu saumu, wali uliofungwa kwenye majani ya kabichi, malai juu ya kila kitu kilichokaa kimya. Pantelei alikula na kushukuru. Alidhani mkewe kampenda upya uzeeni, na hakutaka kuuliza sababu asije akaiharibu. Kola za mashati zikaacha kufunga. Wanawake wa kijiji walimwonea wivu, na Tudora aliwaacha wamwonee.

Mti nao haukulala. Alipoanza kupima, alipima shina karibu na udongo. Vidole vilivyozidi vilipopungua, akasema ni haki zaidi kupima magotini, kwani mti chini hujaa mizizi. Baadaye akasema kiunoni. Baadaye kifuani, kwa sababu shingo ya mtu haikai miguuni. Alijua anafanya hila. Ila alijiambia kwamba kama kifo kina macho ya kuona shingo, basi kije chenyewe kiinue mkono kipinge.

Kisha mwaka mmoja, mwezi wa sita, Pantelei akaanguka kwenye ngazi za baraza. Hakuumia. Kichwa tu kilizunguka. Nesi wa zahanati, Raisa, msichana mwenye nyusi kali aliyesoma mjini na kurudi, alimfunga mkanda wa presha mkononi, akatazama namba, akaufunga tena, akatazama tena. Akamwita Tudora kando.

"Shangazi, huyu mjomba unamlisha au unamwandaa kwa sherehe?" akamwuliza. Akamwambia pasipo kuzunguka kwamba mzee akiendelea hivi, moyo wake hautavuka majira mawili ya baridi. Mafuta yakome. Mikate ya jibini ikome. Atembee kila siku mpaka kanisani na kurudi.

Hebu jiweke mahali pa mwanamke yule. Akimlisha, anamuua kwa siagi. Asipomlisha, shingo inapungua, na nyuma ya nyumba kuna mti unaosubiri. Usiku ule alipika supu ya mboga, akaisimamia na kijiko cha malai mkononi, akakitia, akakitoa, akakilamba mwenyewe. Na kwa balaa lake, Pantelei, ambaye hakuwahi kumsikiliza mtu, alimsikiliza Raisa. Aliogopa. Akawa anatembea na fimbo kwenda kanisani, akarudi na kula matango kama sungura, na kila wiki akaukaza mkanda wa suruali kwa fahari. Watu walimsifu kwamba amekuwa kijana. Tudora alipoyasikia hayo alizitazama kola za mashati, ambazo sasa zilifunga tena.

Mwaka huohuo mti uliamua kuzaa. Miaka iliyotangulia ulitoa jozi chache za kuonjesha kuku. Safari hii matawi yaliinama. Jumapili ile, baada ya chakula kilichokuwa kabichi tupu, Tudora alichukua uzi mwekundu. Shingo ya mzee ilikuwa imelegea, ngozi imekunjamana pale palipokuwa na nyama. Akaenda nyuma ya nyumba. Akauzungusha uzi kifuani pa mti, akanyanyuka kwa vidole vya miguu akauzungusha juu zaidi, mpaka pale mikono ilipokoma. Ncha zikakutana sawasawa. Haukuzidi hata unywele.

Aliukunja uzi akautia kifuani mwa gauni, akakaa ukingoni mwa kisima. Alifikiria koliva. Ndiyo ile ngano ya kuchemsha, yenye sukari na jozi, inayopelekwa kanisani kuwaombea marehemu. Mawazo yalimjia na hakuweza kuyafukuza: kwamba jozi za kwanza za mti huu atazivunja yeye, atazisaga yeye, na zitaingia katika koliva ya Pantelei. Akalia kimya kimya, kuku wakimtazama.

Alipomaliza kulia, akapiga moyo konde. Kama mti unamtaka, basi angalau Pantelei asiukaribie. Mavuno atayafanya yeye. Siku hiyohiyo aliichukua ngazi yao, akaikokota mpaka kwa jirani Zinaida, mjane asiyeuliza maswali mengi, akamwomba amwekee. Na mzee alipouliza ngazi iko wapi, akamwambia imeoza, ameichoma.

Asubuhi ya mavuno ilikuwa ya jua safi, ukungu umelala bondeni. Tudora alitandika turubai chini ya mti, akachukua ufito mrefu, akaanza kuyapiga matawi. Kazi hiyo ina namna yake: hupigi kwa hasira, unaligusa tawi kando, jozi zilizoiva zinajiangukia zenyewe na zisizoiva zinabaki. Zikawa zinashuka pu, pu, pu, nyingine zikimgonga begani, maganda yakipasuka na kutoa ile harufu kali inayokwangua pua. Vidole vyake vilikuwa vimekwisha kuwa vya njano, na kesho vingekuwa vyeusi, weusi ambao hata sabuni ya magadi haiuondoi mpaka Krismasi.

Pantelei alisimama mbali, pale alipoamriwa kusimama, na hasira ikimpanda. Alisema yeye si mgonjwa. Alisema Raisa mwenyewe amemwambia kwamba presha imeshuka na sasa anaweza hata kucheza ngoma harusini. Alisema ni aibu mke apige mti na mume ashike mikono kama padri. Tudora alimwambia tu akae hapohapo, akaingia ndani kutafuta magunia.

Magunia yalikuwa darini, na panya walikuwa wametoboa mawili, hivyo alichelewa. Alipotoka nje akasikia matawi yanatikisika. Ngazi ilikuwa imeegemezwa kwenye mjozi, na juu ya ngazi, katikati ya majani, ilionekana suruali ya Pantelei.

"Nani kakupa hiyo ngazi?" akauliza.

"Zinaida," ikajibu suruali. "Kasema umeisahau kwake. Mbona uliniambia umeichoma?"

"Shuka, Pantelei."

"Subiri, huku juu ndiko zilikojaa. Shika hiyo ngazi, mwanamke, usisimame kama mlingoti."

"Shuka, nakuomba," akasema Tudora, akaikumbatia ngazi kwa mikono miwili. "Shuka kama unanipenda."

Hawakuwa watu wa kutumia neno hilo. Mara ya mwisho lilisikika nyumbani humo, binti yao hakuwa amezaliwa. Majani yakatulia. Pantelei akateremka, hatua kwa hatua, mpaka akasimama mbele yake, kofia imejaa takataka, na akaona kwamba mkewe analia waziwazi, bila kujificha.

"Nini? Nani amekufa?"

"Shingo yako imepungua," akasema. "Nimepima Jumapili. Imelingana."

"Imelingana na nini?"

"Na mti! Huu mti ulioupanda wewe, mpumbavu, ukajisifu mbele ya Gavril kana kwamba una shingo mbili." Na hapo yakatoka yote, kwa fujo, yasiyo na mwanzo wala mwisho: uzi, siagi, mbuzi, kupima magotini na kifuani, Raisa na nyusi zake, koliva. Alikuwa ameyafungia moyoni tangu mti ukiwa kijiti.

Pantelei alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akapeleka mkono shingoni, polepole.

"Kwa hiyo ule uzi mwekundu," akasema, "haukuwa wa sweta?"

"Sweta gani?"

"Kila mwaka unanipima shingo nikiwa usingizini. Mimi huamka, ila najikausha, nakoroma kabisa, nisikuharibie. Nasema moyoni, mwaka huu mke wangu ananifumia sweta ya shingo ndefu. Inafika Krismasi, nafungua, nakuta soksi. Mwakani unanipima tena, nakuta tena soksi. Nikasema labda sufu haikutosha."

"Mimi nakwambia habari za kufa, wewe unaniambia sweta," Tudora akasema.

"Hakuna wa kufa," akasema Pantelei. Akaigeuza ndoo, akaikalia, akavua kofia. "Mti huu sikuupanda mimi. Aliupanda mama."

Ilikuwa vuli ile ya mwisho ya Agafia, Tudora akiwa mjini kwa binti yao aliyejifungua. Mama alimwita Pantelei, akajishikiza mkono wake, akamwongoza hadi nyuma ya nyumba. Mfukoni mwa aproni alikuwa na jozi moja, ya kwao, ng'ambo ya kilima. Pantelei alichimba kishimo. Aliponyoosha mkono aichukue ile jozi, mama alimchapa kofi la vidole kama mtoto. Akapiga magoti yeye, naye Pantelei akamshika kwapani asianguke, na mama akaisukuma jozi udongoni kwa dole gumba na kuifukia kwa viganja. Pantelei alikiri kwamba wakati huo aligeuza uso upande wa pili, kwa tahadhari.

"Nikamwambia, mama, unajua watu wanavyosema," akaeleza. "Akanionyesha koo lake. Akasema, 'Shingo hii imebaki mshipa na ngozi, mti hautahangaika nayo.'"

"Na kwa nini aupande? Yeye alikuwa na meno gani ya kula jozi, mtu wa kufa kesho?"

Pantelei akaitazama kofia yake. "Aliupanda kwa ajili yako. Akasema, 'Huyu mkeo anapika vizuri kuliko mimi, ila jozi anazitia kama dawa ya matone. Awe na zake. Na wewe usimwambie, maana ataanza kunishukuru, na mimi sina tena nguvu za kushukuriwa.'"

Tudora akakaa juu ya turubai, katikati ya jozi. Pantelei aliendelea, sasa kwa haraka, akijitetea: kwamba Gavril alipouliza, hakuweza kumtaja mama kwa ajili ya ile ahadi, na divai ilikuwa imemtangulia mdomoni, ndipo akajitwika yeye. Kwamba usiku ule hakulala, akiwaza kama uongo nao unahesabika. Kwamba alikwenda mpaka kwa padri kuuliza, naye padri alicheka hadi akashika meza. Kwamba alidhani Tudora anajua muda wote, kwani mama hakuwahi kunyamaza juu ya jambo lolote maishani mwake, iweje anyamaze juu ya hili.

Tudora hakumsikia vizuri. Kuna kitu kilikuwa kinamtoka kifuani, kizito, alichokuwa amekibeba kwa muda mrefu hata akakidhani ni uzee. Akahisi mabega yanashuka. Akavuta hewa, hewa ikaingia mpaka chini. Kisha akachukua gunia tupu akampiga nalo mumewe, mara ya kwanza kwa uongo, ya pili kwa sweta, ya tatu kwa sababu yu hai, na Pantelei akajikinga kwa kofia akicheka, mpaka Tudora mwenyewe akaishiwa nguvu, akacheka pia, akilia, hajui lipi ni lipi. Zinaida alichungulia juu ya ua kuona kunani. Akaona wazee wawili wamekaa chini wanafutana machozi kwa vidole vya njano, nyuso zimejaa alama, akarudi ndani kwake.

"Sasa," akasema Pantelei walipotulia, "kama shingo haina kesi, si ninaweza kula mkate mmoja wa jibini?"

"Huwezi. Presha yako ni ya kweli," Tudora akamjibu, na akasikia raha kubwa kuyasema hayo, kuwa upande mmoja na Raisa na nyusi zake, kumwona mzee akipungua bila moyo kumpasuka. Akavunja jozi mbichi mbili moja kwa nyingine kiganjani, akakibandua kiini ile ngozi yake nyembamba chungu, mpaka kikabaki cheupe kabisa, akampa. "Hiki Raisa anaruhusu."

Waliokota mpaka jioni. Siku zilizofuata walimenya maganda, wakaziosha jozi kwenye beseni, wakazitandaza darini juu ya magunia na kuzigeuza kwa reki ili zisivunde. Zilipokauka na viini vikilia ndani kama njuga, Tudora alizishusha kidogo kidogo, na jioni wakakaa wawili mezani, yeye na nyundo ndogo juu ya kipande cha gogo, mzee akichambua viini na kula kimoja kwa kila vitano, akidhani haonekani. Kando ya Tudora, kwenye kiti, palikuwa na sindano za kufumia na sufu nyekundu. Kola alikuwa ameshaimaliza. Hakuhitaji kupima.

Ikafika Jumamosi ya kuwakumbuka marehemu, vuli inapomalizikia. Usiku wa kuamkia siku hiyo aliosha ngano maji mengi, akaichemsha polepole, akatia sukari na maganda ya limau. Kisha akaleta bakuli la jozi zilizosagwa. Zinaida, aliyekuja kusaidia, alimwona akitia ngumi moja, ya pili, ya tatu, akanyamaza, ila ya sita ilipoingia alishindwa. Akamwambia kwamba sasa hiyo si koliva tena, kijiko kinasimama chenyewe. Tudora akatia nyingine.

Makaburini palikuwa na baridi na moshi wa mishumaa. Padri alisoma majina, akalisoma la Agafia, akapita. Pantelei alisimama kichwa wazi, shingo imezamishwa ndani ya sweta jipya jekundu alilokataa kulivua hata kanisani, akamwagia mama yake divai kidogo udongoni. Tudora akachota kijiko cha koliva, akakiweka juu ya kaburi, karibu kabisa na msalaba, mahali kichwa kilipo. Alikuwa ameandaa maneno ya shukrani njia nzima. Alipofika akakumbuka kwamba marehemu hakutaka kushukuriwa.

Akainama.

"Onja, mama," akasema. "Leo ngano ndiyo niliyoionyesha sufuria tu."